Azima Moja, Vitenzi Viwili

Aghalabu mwanafunzi wa Kenya humwambia mwenzake, "Borrow me your pen." Mwalimu humsahihisha, darasa hucheka, na somo huendelea. Kesho yake kosa lile lile hurejea. Kwa maoni yangu, halitaondoka kwa kukemewa, maana lina asili yake, na asili hiyo ni nadra kuelezwa.

Asili yenyewe ni kitenzi chetu "kuazima", ambacho hutumika kwa pande zote mbili. "Nimeazima kitabu maktabani" ni kauli ya mpokeaji. "Nimemwazima Asha kitabu" ni kauli ya mtoaji. Hatutatiziki, kwa kuwa kiambishi cha mtendwa hutuonyesha kitu kinaelekea kwa nani. Kiingereza hakina kiambishi cha namna hiyo. Mwelekeo umetiwa ndani ya kitenzi chenyewe. Anayepokea hutumia "borrow", na anayempa hutajwa kwa "from". Anayetoa hutumia "lend", na anayepewa hutajwa kwa "to", au hufuata kitenzi moja kwa moja: "Lend me your pen."

Wala mtoto huyo si mjinga. Wajerumani nao wana kitenzi kimoja, "leihen", kinachobeba maana zote mbili.

Wapo wanaoshikilia kwamba Kiswahili ndicho kinachoharibu Kiingereza cha watoto wetu, na kwamba hakifai kusikika katika somo hilo. Kumbe dawa imo katika Kiswahili hicho hicho! Yanapokuja mambo ya fedha, sisi pia hutenganisha pande mbili: mteja hukopa, mwenye duka hukopesha. Hakuna mtoto anayewachanganya wawili hao, kwani anajua fika ni nani atakayedaiwa mwisho wa mwezi. Hata methali isemayo "kukopa harusi, kulipa matanga" humwonya mmoja tu kati yao.

Basi mwalimu na aandike ubaoni: "borrow" ni kukopa, "lend" ni kukopesha, iwe ni kalamu, kitabu au shilingi. Kwa mstari huo mmoja mwanafunzi atakuwa na kipimo cha kujisahihisha mwenyewe, hata mwalimu asipokuwapo. Anayekifukuza Kiswahili darasani kwa nia ya kukilinda Kiingereza humnyang'anya mtoto taa, kisha akamlaumu kwa kujikwaa gizani.