Kiangazi kinavyolila zege la Katavi

Mkoani Katavi ujenzi una msimu wake, sawa na kilimo. Mvua zikikatika, mpunga na mahindi yakivunwa na kuuzwa, fedha hurudi mikononi mwa watu. Barabara za vumbi hupitika, na malori ya mchanga, kokoto na saruji huanza kumiminika Mpanda, Inyonga, Usevya na vijijini. Kuanzia Juni hadi Oktoba kila mtaa una msingi unaochimbwa au lenta inayofungwa mbao. Halmashauri nazo, zikiwa na fedha za mwaka mpya wa serikali unaoanza Julai, huharakisha madarasa na zahanati katika miezi hiyohiyo.

Ni miezi hiyohiyo maji yanapokosekana. Mto Katuma, unaopita Sitalike na kuingia Hifadhi ya Taifa ya Katavi, hupungua hadi viboko wakabanana kwa mamia kwenye madimbwi ya tope. Visima hushuka, ndoo ya maji hupanda bei, upepo hukausha na jua la Septemba huchoma tangu asubuhi. Katika hali hiyo ndipo tunapomwaga sehemu kubwa ya zege la mkoa huu. Naamini uchakavu wa majengo yetu huanzia hapo, wiki ileile ya kumwaga, miaka mingi kabla mtu hajaona ufa wa kwanza.

Wengi hudhani zege hukauka likawa gumu, kama tofali mbichi lililoanikwa. Sivyo. Saruji hushika kwa kunywa maji: chembe zake huungana nayo kikemia na kuota vijifuwele vinavyofumana na kuukumbatia mchanga na kokoto. Kazi hiyo huenda kwa kasi siku saba za mwanzo, kisha hupungua taratibu, na ndiyo maana wahandisi hupima nguvu ya zege siku ya 28. Maji yakikimbia kabla ya hapo, muungano husimama njiani. Zege litaonekana limekomaa, ukiligonga litalia, lakini sentimita mbili au tatu za nje, zilizopigwa na jua na upepo, zitabaki zimejaa vinyweleo. Na sentimita hizo ndizo zinazolinda nondo.

Upande wa pili kuna maji yanayozidi. Katika mfuko wa kilo 50 saruji hufunga kikemia lita zipatazo 12 tu. Zege la maji hayo peke yake halifanyiki kazi, hivyo hukubalika kufika lita 25 hivi, yaani ndoo moja ya lita 20 na robo, mchanga ukiwa mkavu. Kwenye saiti zetu, ambako zege huchanganywa chini kwa koleo na kupandishwa kwa karai, ndoo ya pili humiminwa nzima bila mtu kuuliza. Zege la majimaji huteleza lenyewe ndani ya boksi la mbao na halichoshi mikono. Lakini maji hayo ya ziada hayana pa kwenda ila kutoka kwa mvuke, na yakitoka huacha njia nyuma yake. Mfuko uliotiwa lita 40 badala ya 25 hutoa zege lenye nguvu karibu nusu ya lile lililokusudiwa.

Kwa hiyo zege la Katavi hupewa maji mengi yasipotakiwa na kunyimwa yanapohitajika. Ile ndoo iliyozidishwa asubuhi ingefaa kumwagiwa jioni, juu ya magunia yaliyofunika lenta. Simlaumu fundi peke yake. Analipwa kwa kazi iliyosimama, na hakuna anayemlipa kwa siku saba za kunyeshea. Mwenye nyumba naye akiona zege limeshika siku ya pili huamini kazi imekwisha.

Nondo huishi salama ndani ya zege kwa sababu moja. Saruji inapoungana na maji hutoa chokaa, na chokaa hiyo hulipa zege ualikali mkali, pH ya 12 hadi 13. Katika hali hiyo chuma hujivika ngozi nyembamba sana inayozuia kutu. Adui wa ngozi hiyo ni hewa tunayovuta. Kaboni dayoksaidi huingia kwenye vinyweleo, hukutana na chokaa na unyevu, na kuigeuza kuwa kalisiamu kaboneti, madini yaleyale ya mawe ya chokaa. Zege lenyewe halidhoofiki kwa hilo. Pengine huongezeka ugumu kidogo. Ila pH hushuka chini ya 9, ngozi ya nondo huvunjika, na kutu huanza. Kutu hujaza nafasi mara mbili hadi sita ya chuma kilichoizaa, na kwa kuwa haina pa kukaa, hupasua. Ndipo utaona ufa ulionyooka ukifuata nondo chini ya lenta au kwenye kona ya nguzo ya baraza, halafu doa la kahawia, halafu kipande kinadondoka na chuma kiko nje.

Safari ya hewa hiyo kuelekea kwenye nondo ina hesabu inayofaa kubandikwa kila saiti. Muda ukizidi mara nne, kina kinazidi mara mbili. Chukua zege dhaifu ambalo hewa imelila milimita 5 katika mwaka wa kwanza. Litaliwa milimita 10 katika miaka 4, milimita 20 katika miaka 16, na milimita 25 katika miaka 25. Nondo iliyofunikwa kwa milimita 25 za zege hilo ina robo karne kabla ya kuanza kuguswa. Iliyofunikwa kwa milimita 10 ina miaka minne. Ukipunguza kifuniko kwa nusu, umepoteza robo tatu ya umri. Ndiyo maana vile vipande vidogo vya zege ambavyo mafundi huviita biskuti, vinavyowekwa chini ya nondo zisiguse mbao, vina thamani kubwa kuliko bei yake. Nimeona mara nyingi nondo zimelazwa juu ya boksi zenyewe, zikainuliwa kwa mkono wakati wa kumwaga, zikaachiwa zikarudi chini. Lenta ya namna hiyo ina plasta tu kati ya chuma na hewa.

Tabianchi ya hapa nayo huongeza ugumu. Kaboni dayoksaidi hupenya kwa kasi zaidi unyevu wa hewa ukiwa wa wastani, kati ya asilimia 50 na 70. Zege lililojaa maji huizuia, na lililokauka kabisa huinyima unyevu wa kufanyia kazi. Kutu, kinyume chake, inataka maji na oksijeni. Mahali penye unyevu wa aina moja mwaka mzima, moja kati ya mawili hayo husuasua. Katavi ina msimu mmoja wa mvua, Novemba hadi Aprili, kisha kiangazi cha nusu mwaka. Miezi mikavu huipitisha hewa, na masika hulowesha chuma ambacho kinga yake imeshaondoka. Sehemu zinazoumia mapema ni zile zinazolowa na kukauka kwa zamu: nguzo za baraza, kingo za lenta chini ya paa lisilo na gata, midomo ya makalavati.

Ufukweni Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, zamu hiyo inaendeshwa na ziwa lenyewe. Pwani ya Bahari ya Hindi chumvi ndiyo muuaji mkuu wa nondo. Lita moja ya maji ya bahari ina gramu 35 hivi za chumvi, na kloridi zake hutoboa ile ngozi ya chuma hata kabla hewa haijafika. Ziwa Tanganyika lina maji baridi, chini ya gramu moja kwa lita, hivyo gati la bandari mpya ya Karema limeepushwa na adha inayoisumbua Tanga na Dar es Salaam. Lakini ziwa hili halikai mahali pamoja. Wabelgiji waliojenga ngome Karema mwaka 1879 waliikabidhi kwa wamisionari wa White Fathers mwaka 1885, na katika miaka hiyohiyo maji yalikuwa yakirudi nyuma, baada ya ziwa kupata njia ya kutokea kupitia Mto Lukuga upande wa Kongo. Tangu mwaka 2020 tumeona kinyume chake: ziwa limepanda na kumeza nyumba na barabara za ufukweni, kuanzia Kigoma hadi Bujumbura. Gati hulika zaidi pale maji yanapopanda na kushuka, na hapo ndipo wakaguzi wapatazame kila mwaka.

Majengo ya kale ya kimisionari, kuta nene za tofali za kuchoma na mawe, yaliishi bila nondo na hivyo bila kutu. Kuba la Pantheon mjini Roma, lenye upana wa mita 43, limesimama takriban miaka 1,900 bila chuma ndani yake. Sisemi tuache nondo. Bila nondo hakuna lenta ya kisasa wala sakafu ya ghorofa. Nasema tumenunua uwezo mkubwa, na bei yake ni uangalizi. Daraja la Morandi huko Genoa, Italia, lilifunguliwa mwaka 1967 na kuanguka Agosti 14, 2018, likaua watu 43. Nyaya za chuma zilizofichwa ndani ya zege zilikuwa zimeliwa na kutu, na kwa nje hazikuonekana.

Nalisema hili kwa mkoa ulioanzishwa mwaka 2012 na ambao tangu hapo umejengwa kwa haraka. Ofisi, vituo vya afya, madarasa ya fedha za UVIKO-19, ambazo nchi nzima zilijenga vyumba 15,000, vingi kwa mafundi wa hapohapo. Zege la mwaka 2012, kwa hesabu yetu ya juu, lingekuwa limeshaliwa milimita 18 au zaidi. Nje bado ni jeupe na rangi imeshika. Huu ndio wakati wa kulipima, na kipimo ni rahisi: toboa tundu dogo, nyunyizia myeyusho wa fenolfthaleini. Zege lenye afya hugeuka rangi ya waridi iliyokolea. Lililokwisha kuliwa hubaki na rangi yake. Wahandisi wa halmashauri na wa TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, wanakijua. Kinachokosekana ni mstari wa bajeti unaosema jengo fulani litapimwa mwaka fulani.

 

Ufa wa kutu ukishajitokeza, kuupaka plasta ni kuificha kutu ikiendelea. Zege lililolegea lichongwe hadi nyuma ya nondo, chuma kisuguliwe hadi king'ae, kilicholiwa sana kiongezewe kingine, kisha pafunikwe kwa zege zito lenye maji kidogo, na panyeshewe siku saba.

Anzeni ukaguzi kwa mifuniko ya makaro ya choo. Chini yake kuna joto, unyevu wa kudumu na gesi ya kinyesi ambayo bakteria huigeuza kuwa asidi ya salfuriki, na asidi hiyo hulila zege kwa chini huku juu watu wakianua nguo na watoto wakicheza. Wengi huumwaga mfuniko kwa unene wa vidole vitatu, nondo zikiwa zimelala chini kabisa, mahali asidi inapoanzia. Gonga mfuniko wako kwa nyundo ndogo, hatua kwa hatua, kutoka ukingoni. Penye zege zima sauti ni kali na ya juu. Panapotoa sauti ya utupu, zege limeachana na nondo. Zungushia uzio leo, na uite fundi kesho.