CHOMBO KIPI KWA DAWA IPI?



Msimu uliopita mzee mmoja wa kando ya ziwa, si mbali na Sori, alikuja ofisini kwetu akiwa na hasira. Alikuwa amepanda nyanya karibu na maji, akazimwagilia kwa bidii, tena akazinyunyizia dawa ya mrututu na chokaa ili kuzuia ukungu wa majani, ule ambao wengi huuita blaiti. Hata hivyo ukungu uliingia, na zaidi ya nusu ya nyanya zake zikaoza zingali mbichi. Mzee akasema, "Karani, ule mrututu mlioniambia ninunue ni wa uongo."

Bwana Shamba alikuwapo. Hakubishana naye. Alimwuliza neno moja tu: "Mzee wangu, uliuchanganya katika chombo gani?" Mzee akajibu kwamba aliuchanganya katika ndoo ya bati, akauacha ulale humo usiku kucha ili uyeyuke vizuri. Kisha akaongeza kuwa hata ndoo yenyewe sasa yavuja.

Basi jibu lilikuwa ndani ya ndoo hiyo. Mrututu ulikuwa wa kweli. Lakini usiku ule dawa ilikula ndoo, na ndoo ikanyang'anya dawa nguvu yake. Asubuhi mzee alinyunyizia maji yenye nguvu kidogo sana.

Hasara ya namna hii huwapata wengi, nao hulaumu dawa, au mwenye duka, au mvua. Kwa hiyo leo yafaa tuzungumze juu ya vyombo vya madini na vitu vikali tunavyovitia ndani yake.

Jaribu mwenyewe

Chukua chupa au gilasi kuukuu ambayo hutainywea tena. Tia maji kidogo, yeyusha humo mrututu kiasi cha nusu kijiko, kisha tumbukiza msumari safi usio na kutu. Ngoja dakika chache tu, halafu utoe. Utaona msumari umevikwa ngozi nyekundu kama senti ya zamani. Ngozi hiyo ni shaba.

Imetoka wapi? Imetoka katika mrututu. Mrututu ni shaba iliyoungana na asidi ya kiberiti, na shaba ndiyo inayoua ukungu. Chuma kinapoingia katika maji hayo, chenyewe huyeyuka kidogo kidogo na kuchukua mahali pa shaba, nayo shaba huganda juu ya chuma. Bati la ndoo limepakwa zinki juu ya chuma, nayo zinki huyeyuka upesi kuliko chuma. Zinki ikiisha, chuma hufuata, na ndoo hutoboka.

Katika gramu 100 za mrututu mna shaba kama gramu 25 tu. Kila gramu iliyoganda ndooni ni gramu isiyofika kwenye majani ya nyanya.

Jambo hili si geni kwa watu wa machimbo. Sisi wa upande huu twapajua Macalder, huko Nyatike, ambako shaba ilichimbwa hadi mwaka 1966. Zamani, katika machimbo mengi ya shaba duniani, maji yaliyoyeyusha shaba yalipitishwa juu ya vipande vya chuma chakavu. Shaba ilibaki juu ya chuma, na chuma kilikwenda na maji. Mchimbaji alipata faida kwa njia hiyo. Lakini mkulima afanyapo hivyo katika ndoo yake bila kujua, apata hasara mara mbili: dawa imekwisha na ndoo imekwisha.

Madini hujilindaje?

Watu huuliza, "Ni chombo gani kisichoharibika?" Swali hilo halina jibu. Hakuna madini yasiyoshindwa na kitu. Swali lililo sawa ni hili: "Chombo hiki kitatiwa nini?" Ili kulijibu, ni vizuri kujua jinsi madini yanavyojilinda. Njia zake ni tatu.

Ya kwanza ni ya madini yaliyo magumu kuliwa kwa asili yake. Dhahabu ndiyo ya mbele, na shaba hufuata nyuma yake kwa mbali. Ndiyo sababu bomba nyingi za kunyunyizia dawa za zamani zilitengenezwa kwa shaba nyekundu au shaba ya manjano. Mrututu hauzidhuru, kwa kuwa ni shaba juu ya shaba.

Ya pili ni ya madini yanayojitoa ili kumwokoa mwenzake. Zinki iliyopakwa juu ya bati huliwa kwanza, na chuma kilicho chini yake husalimika. Hii yafaa sana kwa paa na kwa ndoo ya maji. Lakini mbele ya asidi au mrututu, zinki haina uvumilivu.

Ya tatu ni ya madini yenye ngozi. Alumini ya sufuria zetu hujivika ngozi nyembamba isiyoonekana mara iguswapo na hewa. Chuma kisichoshika kutu, kile ambacho mafundi hukiita stenlesi, hufanya vivyo hivyo. Mwaka 1913 Mwingereza Harry Brearley wa mji wa Sheffield alikiyeyusha chuma cha namna hii kwa kukichanganya na kromi. Siku hizi, ili chuma kiitwe stenlesi, lazima katika kila sehemu 100 mwe na kromi sehemu kumi na nusu au zaidi. Vyombo vingi vya maziwa na vya viwandani vina kromi sehemu kama 18 na nikeli sehemu kama 8. Kromi ndiyo inayofanya ngozi, na ngozi ikikwaruzwa hujiponya yenyewe penye hewa.

Kutu ya chuma cha kawaida si ngozi ya namna hiyo. Hiyo humenyuka na kuanguka, ikaacha chuma kipya nje kiliwe tena.

Ngozi nayo ina adui zake

Usidhani kuwa ukinunua stenlesi mambo yote yamekwisha. Chumvi hutoboa ngozi yake. Wale wanaotia samaki chumvi wajue kwamba maji ya chumvi yakilala muda mrefu katika chombo cha stenlesi ya kawaida, huacha vishimo vidogo kama vilivyotobolewa kwa sindano. Dawa ya klorini ya kuondoa madoa na kuua vijidudu hufanya vivyo hivyo ikiachwa humo bila kusuuzwa. Viwanda vyenye maji ya chumvi hutumia stenlesi nyingine iliyoongezwa madini ya molibdeni, sehemu mbili au tatu katika 100, nayo bei yake ni kubwa zaidi. Wewe huna haja nayo: tumia plastiki kwa kutia chumvi, na suuza stenlesi kwa maji safi kila mara.

Adui wa ngozi ya alumini ni kostiki soda, na hapa nawaomba akina mama wa vikundi vya sabuni wasome kwa makini. Kostiki ikitiwa katika sufuria ya alumini, huila ngozi, kisha huila sufuria yenyewe. Maji huchemka bila moto, hutoa mapovu na mvuke, na hewa itokayo ni haidrojeni, ambayo hushika moto upesi. Kostiki moto ikiruka machoni yaweza kupofusha. Sufuria si chombo cha kostiki hata siku moja.

Tumia ndoo nzito ya plastiki, au chombo cha stenlesi, au hata karai la chuma kitupu lisilopakwa zinki. Naam, chuma kile kile kilichoshindwa na mrututu huvumilia kostiki vizuri. Ndiyo maana nasema uliza kwanza kitakachotiwa ndani. Tena kumbuka: tia kostiki katika maji kidogo kidogo, usimwage maji juu ya kostiki kamwe. Vaa glavu na linda macho yako, na watoto wasikaribie.

Dawa ya magugu

Wengi siku hizi hutumia dawa ya glaifoseti kuua magugu kabla ya kulima. Dawa hii ina uchachu. Maandishi ya kopo lake hukataza kuichanganya au kuiweka katika chombo cha bati lenye zinki au cha chuma kitupu. Sababu ni kwamba dawa na madini hayo vikikutana hutoa haidrojeni. Katika pipa lililofungwa, hewa hiyo hujaa, na cheche moja tu, au mtu mwenye sigara, yaweza kulipasua. Ichanganye katika plastiki au stenlesi, tena kiasi utakachokimaliza siku ile ile.

Maziwa na mbolea

Maziwa mapya hayana ukali mkubwa, bali yakianza kuganda huwa na asidi. Asidi hiyo huyeyusha zinki ya ndoo ya bati, na mwenye kunywa hushikwa na kichefuchefu na kutapika. Hali kadhalika maji ya ndimu, ukwaju na pombe ya kienyeji. Shaba nayo haifai kwa maziwa, kwa sababu huharakisha mafuta yake kuharibika na kuleta ladha mbaya. Chombo cha maziwa ni mkebe wa alumini au wa stenlesi, ulio na mdomo mpana ili mkono uingie kuuosha.

Mbolea zenye amonia, kama CAN, huvuta unyevu wa hewa, kisha huanza kula shaba ya manjano, zinki na chuma. Kama umetumia bomba au mizani kwa mbolea, usiviweke stoo bila kuviosha na kuvikausha. Wala usihifadhi mbolea pamoja na vyombo vya kazi katika pembe moja.

Viwanda hufanyaje?

Wenye viwanda hupambana na tatizo hili kila siku. Katika kiwanda cha sukari, kama kile cha Awendo, maji ya miwa yatokapo kwenye vinu yana uchachu. Yakichemshwa hivyo hivyo, sukari huharibika na mitambo huliwa. Kwa hiyo hutiwa chokaa kwanza ili kutuliza uchachu, ndipo yachemshwe. Angalia hekima hiyo: hawakutafuta madini magumu tu, bali wameufuga ukali wenyewe.

Nawe waweza kufanya hivyo na mrututu. Yeyusha gramu 100 za mrututu katika lita 5 za maji ndani ya ndoo ya plastiki. Katika ndoo nyingine ya plastiki koroga gramu 100 za chokaa iliyozimwa katika lita 5 za maji. Mimina mrututu ndani ya chokaa polepole huku ukikoroga kwa kijiti, kisha chuja kwa kitambaa. Dawa hii iligunduliwa katika mashamba ya mizabibu ya Ufaransa katika miaka ya 1880, nayo yafanya kazi hata leo.

Kabla ya kunyunyizia, chovya msumari safi katika dawa hiyo kwa dakika chache. Ukitoka na wekundu wa shaba, chokaa haitoshi. Ongeza chokaa kidogo ujaribu tena, maana dawa ya namna hiyo yaweza kuunguza majani. Ukitoka safi, endelea na kazi. Inyunyizie siku hiyo hiyo, wala usiilaze.

Mambo ya kukumbuka

1. Mrututu: plastiki, mbao, chungu, au shaba. Bati na chuma, hapana.

2. Kostiki soda: plastiki nzito, stenlesi, au chuma kitupu. Alumini na bati, hapana.

3. Glaifoseti: plastiki au stenlesi. Bati na chuma kitupu, hapana.

4. Maziwa na vitu vichachu vya kula: stenlesi. Alumini yafaa kwa maziwa. Bati na shaba, hapana.

5. Chumvi: plastiki. Stenlesi isuuzwe mara.

6. Ndoo iliyotiwa dawa ni ya dawa maisha yake yote. Itie alama ya rangi nyekundu, isitumike kwa maji ya kunywa wala maziwa.

Huenda utasema, "Karani, stenlesi ni ghali, nami sina fedha." Ni kweli. Lakini tazama orodha tena: mahali pengi ndoo ya plastiki ya bei ndogo yatosha. Fedha nyingi hupotea kwa kutumia chombo kilichopo karibu bila kuuliza kwanza.

Yule mzee hakurudi nyumbani na hasira. Bwana Shamba alimwonyesha msumari katika gilasi, naye akaushika muda mrefu akiugeuzageuza. Msimu huu amenunua ndoo mbili za plastiki na kuzitia alama. Kila asubuhi ya kunyunyizia huchovya msumari wake kwanza, na watoto wake husimama kutazama. Hadi leo majani ya nyanya zake yangali ya kijani.