Kwa Nini Roboti Zilizimika Kwenye Paa la Chernobyl

Miezi mitano baada ya kinu namba 4 cha Chernobyl kulipuka, Septemba 1986, mapaa ya jirani yalikuwa bado yametapakaa vipande vya grafiti vilivyorushwa kutoka ndani ya kinu. Roboti iliyotoka Ujerumani Magharibi, jina lake Joker, ilipandishwa juu kuvisukuma. Haikuchukua muda ikazimika. Ndipo wakapandishwa wanajeshi, zaidi ya 3,000, wenye mabeleshi mkononi na mabati ya risasi yaliyofungwa kiwiliwili. Kila mmoja alifanya kazi kwa dakika moja au mbili, akashuka mbio. Waliitwa bioroboti.

Kisa hiki husimuliwa kana kwamba mwili wa binadamu ulistahimili kilichoishinda mashine. Sivyo kabisa, na kukisimulia hivyo ni kuwapunja askari wale haki yao.

Mionzi ya gama ni jamii moja na mwanga, ila nishati yake ni kubwa mno. Inapopenya kitu, hung'oa elektroni kutoka kwenye atomi, na elektroni hiyo hukimbia iking'oa nyingine nyingi njiani. Mpaka hapo nyama ya mwili na silikoni ya chipu zimepatwa na jambo lilelile. Kinachofuata ndicho kinachotofautiana.

Mwili wetu kwa sehemu kubwa ni maji. Maji yakivunjwa hutoa kemikali kali za muda mfupi zinazoshambulia DNA, na mionzi yenyewe pia huikata moja kwa moja. Dozi ya grei 4 (grei ni kipimo cha nishati ya mionzi iliyofyonzwa) ikipigwa mwili mzima kwa mara moja inaweza kuua karibu nusu ya watu wasiotibiwa, ilhali nishati yake haitoshi kupandisha joto la mwili hata kwa sehemu mbili za elfu za nyuzi. Kwa hiyo si joto linalomuua. Seli ambayo nyuzi zote mbili za DNA yake zimekatika bila kurekebishwa mara nyingi huendelea kuishi mpaka inapotaka kugawanyika, na hapo ndipo inapokufa. Ndiyo maana uboho na ngozi ya ndani ya utumbo huumia mapema, na mgonjwa anaweza kuzungumza vizuri kwa siku kadhaa huku uboho wake umekwisha kuacha kutengeneza damu.

Kanuni hiyohiyo iliifaa Zanzibar. Mbung'o madume waliofugwa Tanga walipigwa gama kwa kipimo kilichowaacha waruke na kupandana, lakini mbegu zao zisizae. Walimwagwa Unguja kwa ndege, na kufikia mwaka 1997 kisiwa kilitangazwa hakina mbung'o tena.

Transista, yaani swichi ndogo ya umeme ndani ya chipu za roboti, haigawanyiki, wala haina maji. Udhaifu wake uko kwenye utando mwembamba wa oksaidi unaotenga sehemu zake. Gama inapopita humo, elektroni zilizong'olewa hutoroka haraka, lakini chaji chanya zilizobaki hunasa. Zikijilimbikiza, transista huwa kama bomba la maji lisilofunga sawasawa: umeme huvuja hata inapotakiwa kuzima. Chipu nyingi za kawaida huanza kuyumba baada ya makumi au mamia ya grei.

Sasa tupige hesabu ya paa. Palipokuwa pabaya zaidi, vipimo vilikaribia roentgen 10,000 kwa saa, takriban grei 100. Roboti iliyoachwa hapo saa nzima ilizibeba zote, na nyingine zilikwama kwenye vifusi zisiweze kuondoka. Mtu angepata dozi ya kumuua kwa dakika mbili na nusu. Chipu ilikuwa ngumu kuliko askari, mara kumi na zaidi. Paa lilisafishwa kwa sababu dozi ile iligawanywa kwa maelfu ya miili.

Hata hivyo mwili una jambo moja ambalo chipu haina: hujikarabati. Hospitali hutegemea hilo zinapotibu saratani kwa grei 2 hivi kwa siku, wiki baada ya wiki, ili seli nzima zilizo kando zipate nafasi ya kupona. Oksaidi huhifadhi sehemu kubwa ya chaji iliyonasa. Mfano ulionekana Februari 2017, roboti ya kusafisha njia ilipoingizwa kwenye kinu namba 2 kilichoharibika cha Fukushima, Japani. Baada ya saa mbili hivi picha za kamera yake zilianza kujaa chenga na giza, na wahandisi wakaitoa upesi kabla haijafia humo na kuziba njia ya roboti ya uchunguzi iliyokuwa ikisubiri nyuma yake.