Hita ya Papo kwa Papo: Tupeleleze Kwanza Ndipo Tununue

Askari atokaye zamu ya usiku, hasa katika miji yenye baridi kama Kabale, ulio karibu meta 2,000 juu ya usawa wa bahari, hutamani maji ya moto kabla hata ya chakula. Kwa sababu hiyo wengi wa wapiganaji wetu na ndugu zetu wa polisi, wamalizapo kujenga nyumba zao, hufikiria kuweka hita bafuni. Swali linaloulizwa sana ni hili: je, yafaa kuacha tangi la maji ya moto na kutumia hita ndogo inayochemsha maji papo hapo yanapopita?

Swali hilo lilitufika sisi wenyewe tangi letu la lita 50 lilipoanza kuvuja. Mama watoto alishauri tununue hita ya papo kwa papo, kwani yuniti za Yaka zilikuwa zikiisha kabla ya mwisho wa mwezi. Dukani tukaambiwa kwamba hita hiyo hula umeme kidogo sana, na kwamba soketi yoyote yatosha. Kabla ya kutoa fedha tuliamua kufanya lile tulilofundishwa tangu ukadeti, yaani kupeleleza kabla ya kusonga mbele.

Jambo la kwanza tulilolitambua ni kwamba maji hayajui yamechemshwa na mtambo gani. Kuoga kwa dakika 10, kwa lita 4 kila dakika, maji yakipandishwa joto kwa digrii 20, hutumia karibu yuniti 1 ya umeme, iwe kwa tangi au kwa hita ndogo. Akiba ya hita ndogo hutokana na jambo moja tu: haina maji yanayokaa na kupoa bure. Basi mwenye tangi naye aweza kupata sehemu kubwa ya akiba hiyo kwa kuzima swichi yake. Tangi la lita 50 lenye koili ya kilowati 1.5 hupandisha maji kutoka digrii 20 hadi 60 kwa muda wa saa moja na nusu hivi. Maji hayo yakichanganywa na ya baridi, hutosha watu 5, kila mmoja akioga dakika 5. Umeme ukikatika baada ya hapo, maji hubaki na joto kwa saa kadhaa. Hita ya papo kwa papo hunyamaza pale pale umeme unapokatika.

Jambo la pili ni nguvu. Ili kuchemsha maji yale yanapopita, hita huhitaji karibu kilowati 5.6. Kwa umeme wetu wa volti 240, hizo ni ampea 23, hali soketi ya kawaida imetengenezwa kwa ampea 13 tu. Kwa hiyo hita hiyo haichomekwi kwenye soketi hata kidogo. Hudai waya wake yenyewe kutoka kwenye bodi ya fyuzi, mara nyingi wa milimita 6 za mraba, pamoja na swichi yake. Waya mwembamba hupata moto ndani ya ukuta, na moto huo hauonekani mpaka nyumba imeshika. Aidha, volti zikishuka hadi 200, nguvu ya hita hushuka hadi asilimia 70 hivi, na anayeoga hupata maji ya vuguvugu.

Jambo la tatu ni msukumo wa maji. Hita nyingi za namna hii haziwaki maji yakija kwa unyonge. Tangi la akiba lililoinuliwa meta 2 tu juu ya bafu hutoa msukumo mdogo sana. Mwenye nyumba hujikuta amenunua hita, kisha anatafuta fedha za pampu.

Lakini la nne ndilo lililotushtua. Fundi mwenye kibali cha Mamlaka ya Udhibiti wa Umeme alipofungua bodi yetu, aliukuta waya wa ethi umeishia hewani. Haukufika ardhini. Kwa miaka 4 watoto wetu walikuwa wakioga chini ya tangi la chuma lisilo na kinga yoyote. Siku ambayo koili ingepasuka, umeme ungepita majini na katika mwili wa mtoto. Sisi tulikuwa tukihesabu yuniti, kumbe hatari ilikuwa juu ya vichwa vyao.

Fedha za hita mpya tulizitumia kwanza kuzika fimbo ya shaba ardhini na kuweka swichi ya kinga inayokata umeme unapovuja kwa miliampea 30. Baadaye, kwa kuwa maji yetu hayana msukumo na umeme wetu hukatika, tulinunua tangi jingine. Huwashwa saa 10 alfajiri na kuzimwa kabla mtu wa kwanza hajaingia bafuni. Jirani yetu, mwenye maji yenye nguvu na familia ya watu 2, alichagua hita ya papo kwa papo, naye hakukosea.

Kwa wale wanaoishi kambini, nyumba ni mali ya serikali. Asiwepo mtu wa kuunganisha waya bafuni bila idhini ya wahusika wa majengo.

Ndugu wapiganaji na askari polisi, kabla ya kuuliza bei ya hita, mwulizeni fundi maswali matatu: ethi imefika ardhini? Waya una unene gani? Maji yana msukumo gani? Majibu hayo ndiyo yatakayoamua mtambo wa kununua. Askari hulinda raia wa nchi nzima. Haifai akashindwa kuwalinda watoto wake bafuni.