Ziwa, Mawingu na Kamera

Dalili ya mvua ni mawingu. Methali hii kila mtoto huijua, lakini ina maana ya pekee kwa mtu aliyesimama juu ya kilima cha Nsambya, mjini Kampala, na kamera mkononi. Kilima hicho, chenye jina la mti wa maua ya manjano, ni makao ya familia nyingi za askari polisi. Upande wa kusini mashariki, baada ya kupita Kabalagala, Kansanga na Bunga, ndiko uliko ufuo wa Gaba, katika ghuba ya Murchison ya Ziwa Victoria, ambalo Waganda huliita Nalubaale. Askari aliyemaliza zamu ya usiku aweza kufika huko kabla jua halijapanda, akarudi nyumbani na picha ambayo watoto wake wataitazama kwa miaka mingi.

Kwa nini hali ya hewa hubadilika

Ziwa hili lina eneo la kilomita za mraba zipatazo 68,000, nalo limekaa juu ya mstari wa Ikweta, mita zipatazo 1,134 juu ya usawa wa bahari. Maji mengi namna hiyo hujitengenezea hali yake ya hewa. Mchana nchi kavu hupata joto upesi kuliko maji, na upepo huvuma kutoka ziwani kuelekea vilimani. Usiku nchi kavu hupoa upesi, na upepo hugeuka kuelekea ziwani. Pepo hizo zikutanapo juu ya maji yenye uvuguvugu, hewa hupanda na kufanya mawingu mazito. Ndiyo sababu radi nyingi za ziwani hupiga usiku na alfajiri, na pengine mvua huingia mjini asubuhi wakati watoto wanapokwenda shule. Miezi ya Machi hadi Mei, na Septemba hadi Desemba, ndiyo yenye mvua nyingi zaidi.

Saa njema za kupiga picha

Ufuo wa Gaba unatazama mashariki; kwa hiyo jua huchomoza upande wa majini, yapata saa kumi na mbili na nusu. Wakati huo mitumbwi ya wavuvi huonekana kama vivuli vyeusi juu ya maji yanayong'aa. Mpiga picha na apime mwangaza wa mbingu, si wa mchanga, la sivyo mawingu yatatoka meupe matupu.

Alasiri mambo hugeuka. Jua huwa nyuma ya mpiga picha, na mvua ikiwa ingali inanyesha juu ya ziwa, upinde wa mvua waweza kutokea mbele yake. Upinde hauonekani jua likiwa juu sana. Lazima liwe limeshuka chini ya nyuzi 42. Hapa Kampala hali hiyo hupatikana tangu yapata saa kumi alasiri. Basi anayeutafuta asihangaike saa saba mchana.

Baada ya mvua vumbi huwa limeoshwa hewani, na vilima vya mbali huonekana wazi. Hiyo ni nusu saa ya thamani.

Usalama kwanza

Hakuna picha inayolingana na uhai wa mtu. Mwezi Novemba 2018 chombo kimoja cha starehe kilizama karibu na ufuo wa Mutima, wilayani Mukono, na watu zaidi ya 30 wakafa maji. Asipande mtu mtumbwi kwa ajili ya picha bila kuvaa jaketi la kuokolea, wala asipande kamwe wingu jeusi likisimama upande wa kusini.

Radi ina hesabu yake, nayo hata mtoto aweza kufundishwa. Umeme ukimulika, hesabu sekunde mpaka ngurumo isikike. Kila sekunde 3 ni kama kilomita moja. Zikiwa chini ya 30, ondoka ufuoni, uiache miti mirefu, uingie ndani ya nyumba.

Tena, kambi na mitambo ya maji havipigwi picha bila ruhusa. Wavuvi nao na waombwe radhi kabla ya kupigwa.

Kutunza kamera na picha

Unyevu ni adui. Kamera iliyoloa ifutwe kwa kitambaa cha pamba, kisha iachwe mahali penye hewa, si karibu na jiko. Ikifungiwa mkobani ingali mbichi, kioo chake huota kuvu.

Mwishowe, nyuma ya kila picha paandikwe mahali na tarehe. Maporomoko ya Ripon, pale Jinja mto Nile ulipotoka ziwani, yalifunikwa na maji lilipojengwa bwawa la Owen Falls, lililofunguliwa mwaka 1954. Leo yaonekana katika picha tu. Mwaka 2020 ziwa lilifurika na kumeza fukwe ambazo watu walikuwa wamezizoea. Mafunjo ya ghuba nayo yanazidi kupungua kadiri mji unavyopanuka. Familia ya Nsambya inayopiga picha ya Gaba leo, na kuiandika vyema, inawawekea wajukuu ushahidi wa jinsi ziwa lilivyokuwa.