Mshindani Wako Kaingia Mtandaoni? Soma Kwanza Yaliyowapata Sega, Sony, Microsoft na Nintendo



Swali ninalolipata sana inboksi ni hili: "Mwenzangu tunayeuza bidhaa moja kafungua tovuti, analipia matangazo, ana boda wake wa kupeleka mizigo. Mimi bado natumia stetasi ya WhatsApp. Nikope nimfuate, au nitulie?"

Swali hili linagusa mtaji, na kwa wengi wetu mtaji ndio huohuo wa ada ya shule na kodi ya nyumba. Kwa hiyo leo sitakujibu kwa maneno ya kutia moyo. Nitakueleza jinsi kampuni nne kubwa zilivyokutana na swali hilohilo kati ya mwaka 1999 na 2004, kila moja ikachagua njia yake, na nini kikaipata. Mimi nauza mashine za gemu na pedi zake, nyingi za mtumba, kwa hiyo hii ni habari ya mzigo ninaoushika kila siku.

Tuwekane sawa kwanza. Zamani gemu ilikuwa ya chumba kimoja. Mashine moja, TV moja, pedi mbili, anayefungwa anampisha mwenzake. Intaneti ilipoanza kuingia majumbani kule Marekani na Japani, kampuni za gemu zikaona kwamba kijana wa mji huu anaweza kucheza na wa mji ule, kila mtu akiwa kwake. Fursa waliiona wote. Tofauti ikaja kwenye nani aanze, lini, na kwa hela ya nani.

SEGA: ALIWAHI, MTAJI UKAKATA

Sega waliingiza Dreamcast sokoni Marekani tarehe 9 Septemba 1999 kwa dola 199, na modemu ilikuwa tayari ndani ya mashine. Unachomeka waya wa simu ya mezani, basi. Ndani ya saa 24 ziliuzwa zaidi ya 225,000. Septemba 2000 wakafungua huduma yao ya intaneti, SegaNet, kwa karibu dola 22 kwa mwezi, na aliyekubali mkataba mrefu alirudishiwa hela ya kununulia mashine.

Wazo lao lilikuwa sahihi kabisa. Leo kila mashine ya gemu inaingia mtandaoni. Shida ilikuwa mfukoni. Sega walikuwa wametoka kwenye hasara ya mashine iliyotangulia, Saturn. Electronic Arts, wenye gemu za michezo zinazouzika sana Marekani, hawakutengeneza hata gemu moja ya Dreamcast. Sony nao walikuwa wameshatangaza kwamba PlayStation 2 inakuja, wateja wengi wakashika hela zao wakasubiri.

Tarehe 31 Januari 2001 Sega wakatangaza kuwa wanaacha kutengeneza mashine. Kwa jumla waliuza Dreamcast milioni 9 na kidogo. Mkuu wao, Isao Okawa, alifariki Machi mwaka huo, akiwa ameisamehe kampuni deni alilokuwa anaidai na kuipa hisa zake zenye thamani ya mamia ya mamilioni ya dola. Bila moyo huo sijui kama leo tungekuwa na jina la Sega.

Waswahili tunasema chelewachelewa utakuta mwana si wako. Sawa, lakini anayewahi ndiye anayelipa ada ya kumfundisha mteja. Ukitaka kuwa wa kwanza mtaani kwako kuuza kwa laivu au kupeleka mizigo usiku, jiulize: naweza kubeba hasara miezi mingapi kabla wateja hawajazoea?

SONY: BIDHAA KWANZA, MTANDAO BAADAYE

PlayStation 2 ilitoka Japani Machi 2000 na Marekani Oktoba mwaka huohuo, dola 299. Huduma ya mtandao haikuwepo. Kilichokuwepo ni hiki: ilicheza filamu za DVD, wakati deki ya DVD yenyewe bado ni bei, na ilicheza karibu CD zote za PlayStation ya kwanza. Mteja wa zamani hakutupa CD zake.

Adapta ya mtandao Marekani ilikuja Agosti 2002. Iliuzwa kando, karibu dola 40, na ilikubali laini ya simu na intaneti ya kasi pia. Sony hawakujenga mlango mmoja wa wote. Kila mtengenezaji wa gemu aliachiwa aendeshe seva zake. Kwa mchezaji ulikuwa usumbufu: jina hili kwenye gemu hii, nywila nyingine kwenye gemu ile.

Pamoja na usumbufu wote huo, PlayStation 2 iliuzwa zaidi ya milioni 155. Hakuna mashine ya kucheza gemu kwenye TV iliyoifikia.

Wewe mwenyewe ni shahidi. Vile vibanda vya gemu vya mtaani vilivyojaa PS2, mimi sijawahi kukiona hata kimoja kilichounganishwa intaneti. Vijana walilipa kwa mechi, wakapigana mabao, mwenye kibanda akala. Mashine ilijitosheleza.

Hapo ndipo ninapowapima wauzaji wengi. Ukikosa bando wiki nzima, kuna mteja atakayekupigia simu kukuuliza mzigo? Kama yupo, una biashara. Kama hayupo, unachomiliki ni ukurasa tu.

MICROSOFT: MLANGO MMOJA, JINA MOJA

Microsoft walikuwa wageni sokoni. Xbox ilitoka Marekani tarehe 15 Novemba 2001 kwa dola 299, ikiwa na tundu la waya wa intaneti ya kasi na diski ya kuhifadhia ndani yake. Modemu ya laini ya simu hawakuweka kabisa, ingawa nyumba nyingi za Marekani zilikuwa bado kwenye laini ya simu. Walichagua mteja wao, wengine wakawaacha.

Mwaka mmoja kamili baadaye, 15 Novemba 2002, wakafungua Xbox Live. Kwa karibu dola 50 ulipata uanachama wa mwaka mzima pamoja na hedifoni yenye maiki. Jina lako lilikuwa moja kwenye gemu zote. Orodha ya marafiki ilikuwa moja. Ukiwasha mashine unaona nani yupo, unamwita, mnaongea huku mnacheza. Wiki ya kwanza watu 150,000 walinunua.

Electronic Arts waliwagomea hadi Mei 2004, na mvutano ulikuwa juu ya nani amshike mteja na mapato yake. Gemu ya Halo 2 ilipotoka tarehe 9 Novemba 2004, mauzo ya saa 24 za kwanza Marekani na Kanada yalifika dola milioni 125. Watu walitaka kucheza na marafiki zao, na njia ilikuwa nyepesi.

Sasa sikia upande wa pili. Xbox hiyo yenye huduma bora iliuzwa kama milioni 24 tu, na Microsoft walipoteza mabilioni ya dola. Walivumilia kwa sababu hela ya Windows na Office ilikuwa inaingia kila siku. Wewe na mimi hatuna Windows nyumbani ya kutubeba. Kwa hiyo tuchukue urahisi wao, gharama zao tuwaachie.

NINTENDO: ALIYESEMA BADO

GameCube ilitoka 2001, Marekani dola 199. Adapta za mtandao ziliuzwa kando, na gemu za kucheza kwa intaneti zilihesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Iliyojulikana zaidi ni Phantasy Star Online, ambayo ilikuwa ya Sega, haohao waliofunga duka la mashine. Walihama na bidhaa yao wakaiuza kwenye mashine ya mshindani wa zamani. Hiyo nayo ni akili ya biashara.

Msimamo wa Nintendo ulikuwa kwamba wateja wao hawako tayari kulipa kila mwezi ili wacheze. GameCube iliuzwa kama milioni 21.7, nyuma kidogo tu ya Xbox, na huku wakiendelea kuuza gemu zao wenyewe na Game Boy Advance ya mkononi. Novemba 2005, wifi ikiwa imeshaingia majumbani, wakaileta Mario Kart DS ya kucheza mtandaoni bila ada. Kulipisha walianza Septemba 2018, kwenye Switch.

Kusema "bado" kuna gharama yake pia. Waliotaka kucheza na wenzao walio mbali walienda kwa wengine. Lakini Nintendo hawakukopa ili wafanane na jirani.

SASA WEWE UFANYEJE?

Mambo manne ninayoyafanya mimi, na nakushauri uyajaribu.

1. Muulize mteja yuko wapi kabla hujanunua kifaa cha kumfuata. Mimi mteja akitaka PS5 isiyo na sehemu ya CD kwa sababu bei iko chini, swali langu la kwanza ni: "Kaka, nyumbani una intaneti gani?" Gemu moja inaweza kupita GB 50 za kupakua. Anayetegemea bando la simu nampeleka kwenye yenye CD. Fanya hivyo kwenye biashara yako. Kama wateja wako kumi wa mwisho wote walikuja kupitia WhatsApp, tovuti unamjengea nani?

2. Hesabu hatua. Chukua simu ya mtu mwingine, ingia kwenye ukurasa wako kama mteja, hesabu hatua kutoka kuona picha hadi kulipa. Picha haina bei, "njoo inboksi". Anakuja, unamjibu baada ya saa tano. Anauliza rangi, anauliza unapatikana wapi, anauliza namba ya kulipia. Hizo ni hatua sita na hela bado iko kwake. Andika bei, saizi zilizopo, ulipo, nauli ya kupelekewa na namba ya kulipia kwenye tangazo moja. Microsoft walitumia mabilioni kupunguza hatua. Wewe utatumia dakika kumi.

3. Piga hesabu ya kuvumilia. Tuseme mtaji wako ni shilingi 500,000 na tangazo linakula 5,000 kwa siku. Kwa mwezi ni 150,000. Kama faida ya kila oda ni 6,000, unahitaji oda 25 kwa mwezi ili tu urudishe hela ya tangazo, hujala bado. Unazipata? Kama una uhakika, endelea. Kama hujui, jaribu siku tano, simama, hesabu oda zilizotoka kwenye tangazo lenyewe, ndipo uamue. Mkopo usiuguse kabla ya hesabu hiyo.

4. Weka namba za wateja mahali pako. Aprili 2011 wadukuzi waliingia kwenye mtandao wa PlayStation, taarifa za akaunti kama milioni 77 zikawa hatarini, na Sony wakaufunga kwa zaidi ya wiki tatu. Wenye CD waliendelea kucheza peke yao nyumbani. Wa mtandaoni wakakaa wanasubiri. Ukurasa wako nao unaweza kuibwa au kufungiwa asubuhi moja bila taarifa. Nunua daftari. Jina la mteja, namba yake, alinunua nini, lini. Daftari hilo likiwepo, ukurasa ukipotea unaanza upya siku hiyohiyo.

Kwa hiyo jibu langu kwa yule anayeuliza "nikope nimfuate?" ni hili: mfuate mshindani wako kwenye urahisi anaompa mteja, usimfuate kwenye matumizi. Boda unaweza kukubaliana naye kwa safari, huhitaji kumwajiri. Bei unaweza kuiandika leo. Kujibu haraka hakuhitaji mkopo. Tovuti itakuja siku wateja watakapokuzidi kwenye WhatsApp mpaka unakosea oda. Hapo hutahitaji kumuuliza mtu.

Leo usiku fanya lile zoezi namba mbili, kisha niandikie kwenye komenti: mteja wako anapita hatua ngapi mpaka akulipe? Nitazisoma zote, na wale wa hatua nyingi tutaangalia pamoja ipi ya kukata. Mtumie na mwenzako ambaye yuko mbioni kukopa kwa ajili ya matangazo, inaweza kumsaidia.

Biashara njema.