BENZI LA MAREHEMU LILIPOKATAA KUZIMIKA

Ilikuwa yapata saa nne asubuhi, nami nimesimama katika kituo cha mafuta mjini Rongo. Nilizungusha ufunguo wa motokaa ya marehemu baba mkubwa, nikauchomoa na kuutia mfukoni. Injini ikaendelea kunguruma kana kwamba sikufanya kitu. Nikaurudisha ufunguo, nikauzungusha tena. Wapi! Kijana wa kuuza mafuta alirudi nyuma hatua tatu, akasema hatatia hata tone moja la dizeli katika gari linalonguruma. Mama mmoja aliyekuwa akiuza ndizi aliuliza gari ni la nani. Nilipomwambia kwamba mwenyewe tulimzika mwaka uliopita, alitikisa kichwa, akainua beseni lake la ndizi na kwenda kuketi ng'ambo ya barabara.

Nilikuwa natoka Migori kwenda Homa Bay kuliuza gari hilo. Watoto wa marehemu walikuwa wamekwisha kukubaliana. Aliyepinga ni mjane peke yake, naye siku niliyokabidhiwa ufunguo aliingia jikoni akafunga mlango.

Ni Mercedes-Benz 240D, la dizeli, la aina ile iliyoanza kutoka kiwandani Ujerumani mwaka 1976 na ambayo hadi ilipokomeshwa katikati ya miaka ya 1980 yalikuwa yametengenezwa karibu magari milioni 2.7. Baba mkubwa alilinunua likiwa kuukuu tayari, mwaka 1990. Enzi hizo Migori haikuwa na wilaya yake, maana ilikuwa sehemu ya Kusini mwa Nyanza na ofisi ya DC ilikuwa Homa Bay. Basi mtu wa Migori aliyetaka kupigania shamba lake ilimpasa asafiri. Awendo, Rongo, Rodi Kopany, halafu mteremko wa kuelekea ziwani. Gari lile liliifahamu njia hiyo kama ng'ombe anavyoifahamu njia ya mtoni, na liliendelea kuipita hata baada ya Migori kupata wilaya yake mwaka 1992.

Wasomaji vijana huenda hawajui neno "Wabenzi" lilikuwa na uchungu gani. Tangu miaka ya kwanza ya Uhuru lilikuwa jina la kabila jipya lisilo na kijiji, la wakubwa waliokalia viti vya nyuma. Hata mwaka 2009, Uhuru Kenyatta alipokuwa Waziri wa Fedha, ilibidi mawaziri waagizwe warudishe magari yao makubwa wapewe yasiyozidi sisi 1800. Lakini kwetu kijijini Benzi halikuwa la mkubwa. Lilikuwa la mwalimu mstaafu aliyelibebesha maharusi, wagonjwa, mifuko ya mahindi, na mara nyingi jeneza lilipokuwa linarudi nyumbani, lilitangulia mbele ya msafara. Nyota yake ya boneti iliibwa Nairobi. Akasema afadhali, sasa hawatamwomba mchango.

Ubaya wa motokaa ya kifahari ni kwamba inazeeka, lakini spea zake hazijui kama imezeeka. Bei inabaki ile ya utajiri. Hili la baba mkubwa lina gia za kujibadilisha zenyewe, na katika miezi yake ya mwisho lilianza kuzibadilisha kwa hasira. Kutoka gia ya kwanza kwenda ya pili lilipiga teke, abiria wakainamishana vichwa. Fundi mmoja wa Migori alilipeleka mtaani mara moja tu, akarudi na hukumu: giaboksi imekufa, na injini kwa kuwa inatoa moshi itafuata. Tung'oe vyote viwili, tutie vya Toyota. Hesabu aliyotuandikia ilizidi thamani ya gari lenyewe. Ndipo akapatikana mtu wa Homa Bay anayenunua magari mabovu, nami, kwa kuwa sina mke wa kuniuliza niko wapi, nikatumwa.

Turudi Rongo. Watu walikuwa wamejaa. Mmoja alitoa waya wa betri, na injini haikujali. Lingekuwa la gia za mkono, ningetia gia kubwa, nikanyage breki na kuachilia klachi, likafa. Lakini la kujibadilisha halina klachi ya kuachilia. Aliyetuokoa ni dereva wa lori la miwa, mtu mzima, ambaye hakusema neno. Alifungua boneti, akatafuta kijiti kidogo cha chuma chenye maandishi STOP, akakisukuma kwa kidole. Kimya. Alijipangusa mkono kwenye suruali na kurudi kwenye miwa yake, hata shukrani hakuzisubiri.

Mnunuzi wa Homa Bay alilizunguka gari mara mbili, akalijaribu, likampiga teke lake, akataja bei. Ilikuwa bei ya chuma cha kupima kwa ratili. Nilikuwa nimekwisha kutoa karatasi za gari nilipomwona mzee aliyekuwa ameketi chini ya mwembe jirani na yadi hiyo, akifungua injini ya mashua.

"Wuoda," aliniita, "umelizimaje?"

Nikamweleza habari ya kijiti.

"Na gia zinapiga?"

"Zinapiga, Jaduong'."

"Basi ngoja kidogo kabla hujamwachia huyo."

Alichonieleza yule mzee ndicho kilichonifanya niandike makala haya, kwani nimeendesha magari miaka ishirini na sikuwahi kukisikia. Injini ya petroli ikivuta hewa hupata yenyewe nguvu ya kufyonza, ambayo mafundi huiita vakiumu. Injini ya dizeli haipati nguvu hiyo, kwa hiyo Wajerumani waliweka pampu maalumu mbele ya injini. Paipu nene inatoka kwenye pampu kwenda kusaidia breki. Kutoka kwenye hiyo paipu nene vinatoka vipaipu vyembamba kama mirija ya soda. Kimoja kinafunga na kufungua vitasa vya milango yote kwa pamoja. Kingine kinapita kwenye swichi ya ufunguo kwenda kwenye pampu ya dizeli, maana dizeli haina cheche ya kukatwa. Ukichomoa ufunguo, ufyonzaji ndio unaovuta kifaa kinachofunga mafuta. Na kingine kinakwenda ubavuni mwa giaboksi kuiarifu dereva amekanyaga mafuta kiasi gani. Kikikosa ufyonzaji, giaboksi inadhani mguu wako uko chini kabisa, nayo inabadilisha gia kwa nguvu zote, hata kama unakwenda kanisani polepole.

Kwa hiyo kitasa cha mlango kinaweza kuugua, na ugonjwa ukaonekana kwenye injini na kwenye giaboksi. Mimi nilicheka. Mzee hakucheka.

Alichonga vijiti vinne vya mti, vyembamba kwenye ncha, akaanza kuchomoa vipaipu na kuvizibia kimoja kimoja. Alipoziba kile cha milango aliniambia niwashe, halafu nizime. Likazima. Nikawasha tena, nikazima tena, kama mtoto aliyepewa tochi. Alifungua ubao wa mlango wa nyuma wa kushoto, akatoa kikopo kidogo ambacho kiwambo chake cha mpira kilikuwa kimepasuka. Mpira umri wake ulikuwa umekwisha, basi. Karibu na pampu ya dizeli alikuta kiungio kingine cha mpira kimekauka na kuwa na nyufa, akakikata na kuunga kipande cha paipu kipya. Kisha akataka kupima oili ya giaboksi, na hapa alinigombeza kwa kuwa nilichomoa kijiti cha kupimia injini ikiwa imezimwa. Oili ya giaboksi hiyo hupimwa gari likiwa limepata moto, limesimama mahali tambarare, injini inanguruma. Ilikuwa pungufu. Alinigombeza tena kwa ajili ya waya wa betri, akasema injini ikiwa inazunguka ukiutoa unaweza kuunguza mtambo wa umeme.

Tulipolipeleka barabarani kuelekea Rodi Kopany, gia ya kwanza iliingia ya pili bila teke. Sitasema uongo kwamba gari lilipona. Kwenye mlima, kutoka gia ya pili kwenda ya tatu, bado linasitasita na injini inapiga kelele kidogo kabla ya kushika. Mzee alisema humo ndani kuna kitu kimechakaa kwa haki, na siku itafika. Moshi pia upo. Injini inakula oili, nayo itaendelea kula.

Mnunuzi, alipoona gari linazimwa kwa ufunguo, aliongeza bei papo hapo. Nikapiga simu Migori. Binamu yangu mkubwa akasema uza. Mdogo wake akasema uza, lakini mwombe aongeze tena. Nikauliza kama mama anaweza kupewa simu. Alipokuja nilimwambia tu kwamba kilichokufa kilikuwa mpira wa mlango wa nyuma wa kushoto.

Akanyamaza, halafu akauliza, "Ule ninaoketi mimi?"

"Ule ule, mama."

"Nimekuwa nikiupigiza miaka yote. Aligomba kila siku. Liko wapi sasa?"

Nilifika Migori saa mbili usiku. Binamu zangu hawajanisamehe, na kikao cha kugawana bado kinangojewa. Vitasa sasa vinafungwa kimoja kimoja kwa mkono, na kile kijiti cha mti bado kimo kwenye paipu yake, kwa kuwa kikopo cha kitasa sijakipata Migori wala Kisii. Mjane akipanda hujifungia mlango mwenyewe, polepole, kwa mikono miwili.